Sukari ya upendo: Funzo la malezi kutoka banda la kasuku

Kwa mzazi aliyewahi kuhesabu vijiko vya sukari, ni raha kubwa kumwona mtoto akinywa chai tamu bila kuulizwa amechota vingapi. Katika familia nyingi sukari si kiungo tu. Ni ukarimu kwa mgeni, ni pole kwa mgonjwa, na mara nyingi ndiyo njia ya haraka ya kumnyamazisha mtoto anayelia.

Mama mmoja mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo, aliijua thamani hiyo akiwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma. Mgao ulikuwa unga, maharage, mafuta na chumvi. Sukari ilinunuliwa kwa hela ya kibarua, ikafungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuning'inizwa juu, mbali na sisimizi na mbali na watoto.

Leo anaishi Brisbane, katika jimbo la Queensland nchini Australia, pamoja na mumewe na watoto watatu. Yeye si mzungumzaji pekee wa Kiswahili aliyehamishiwa huko kutoka kambi za Afrika Mashariki. Alipofika aliapa kwamba wanawe hawatahesabiwa sukari tena. Ahadi hiyo aliitimiza kwa miaka miwili, na waliomfanya aifikirie upya walikuwa ndege.

Wageni wa barazani

Mtaa wanaoishi una mikaratusi mingi. Miti hiyo haikuwa migeni kwao, maana hata Kigoma imepandwa kila mahali kwa ajili ya nguzo na kuni. Kilichowashangaza watoto ni kusikia kwamba asili yake ni Australia, na kwamba huko inapochanua, ndege huijaa hadi matawi hayaonekani.

Ndege hao ni jamii ya kasuku. Wanaitwa lori, na msomaji asiwachanganye na lori la mizigo. Jina hilo linatokana na neno "nuri" la watu wa Indonesia. Wale wadogo wanaoonekana zaidi Brisbane huitwa lorikiti. Kichwa ni cha buluu, mgongo kijani, kifua cha rangi ya chungwa na njano, mdomo mwekundu. Mtoto akipewa kalamu za rangi aambiwe achore ndege kwa kutumia zote, atachora lorikiti.

Mama aliwafananisha na chozi, wale ndege wadogo wa nyumbani wanaofyonza utamu kwenye ua la mgomba. Akaona wanahangaika bure juu ya miti ilhali yeye ana jiko lililojaa. Akalowanisha mkate kwenye maji ya sukari, akauweka kwenye sahani barazani.

Siku ya kwanza walikuja wawili. Baada ya wiki mbili walikuwa zaidi ya thelathini, wakigombania sahani na kukaa mpaka juu ya vichwa vya watoto. Watoto walicheka kuliko walivyowahi kucheka tangu wahamie. Mama akapiga video, akamtumia mdogo wake aliyebaki Kasulu.

Jirani yao ni mzee mstaafu aliyefiwa na mkewe. Nyuma ya nyumba yake ana banda la lori wa kufugwa, na watoto wa mama huyu walishazoea kumwita Babu. Asubuhi moja alikuja mpaka kwenye uzio, akavua kofia, akasema kwa upole kwamba sahani ile ingewaua wale ndege.

Mama aliitikia kwa adabu, lakini moyoni aliumia. Jioni alimpigia simu mdogo wake.

"Yaani mtu mzima, nimelea watoto kambini, leo nafundishwa kulisha ndege."

Mdogo wake akacheka. "Dada, kumbe huko nako ndege wananyimwa sukari?"

Ndege mwenye brashi mdomoni

Alichokisema mzee ni kweli, na sababu yake iko ndani ya mdomo wa ndege mwenyewe. Kasuku wengi huvunja mbegu na kuzisaga tumboni kwa firigisi yenye misuli. Lori ni tofauti. Ncha ya ulimi wake ina vinyweleo vidogo vinavyosimama kama brashi, na kwa vinyweleo hivyo hukusanya maji matamu ya maua pamoja na chavua, ule unga wa njano unaobaki kidoleni ukigusa ua. Firigisi yake ni dhaifu, haikuumbwa kusaga vitu vigumu.

Maji ya maua humpa nguvu ya kuruka. Chavua humpa protini ya kujenga misuli, mifupa na manyoya. Anapokunywa maji ya sukari, tumbo hujaa, njaa hukata, na hana tena sababu ya kwenda kutafuta maua. Anashiba, lakini mwili haupati cha kujengea. Anayeathirika zaidi ni kinda, kwa sababu mzazi wake hurudi kiotoni na kumtapikia kile kile alichokula barazani kwa watu.

Mkate, jamu na asali huongeza tatizo jingine. Chakula kisicho sahihi huwapa nafasi bakteria wabaya kuongezeka kwenye utumbo, na lori wanaweza kufa ghafla kwa ugonjwa wa matumbo. Sahani moja inayoliwa na ndege wengi husambaza pia virusi vya ugonjwa unaoharibu mdomo na manyoya, ambao kwa kasuku hauna tiba. Ndege aliyeugua hupoteza manyoya mpaka asiweze kuruka.

Kosa hilo lina historia ndefu Australia kwenyewe. Kusini mwa Brisbane, katika pwani ya Gold Coast, kuna hifadhi ya Currumbin. Ilianzishwa mwaka 1947 na Alex Griffiths, mfuga nyuki na mkulima wa maua. Lorikiti walikuwa wakimharibia maua, akaanza kuwalisha pembeni ili wayaache. Watu wakaja kutazama, na eneo likawa maarufu. Kwa miaka mingi ndege wale walilishwa mkate na asali, hadi elimu ya lishe ilipokua na nafasi yake ikachukuliwa na uji maalumu uliotengenezwa kwa ajili yao. Waliokosea hawakuwa wakatili. Walikuwa watu waliowapenda ndege.

Mama alisikia yote hayo kupitia binti yake wa kwanza, mwenye miaka 11, aliyekuwa akitafsiri pale uzioni. Aliiondoa sahani shingo upande. Kwa siku nne ndege walikuja, wakakaa kwenye kamba ya nguo wakipiga kelele kama wanaodai. Siku ya tano walibaki wawili. Ya sita walirudi mikaratusini.

Meno manne ya mbele

Wiki chache baadaye kitinda mimba wake wa miaka mitatu alianza kukataa kutafuna upande mmoja. Usiku alilia, na kila alipolia alipewa chupa yake. Mchana chupa ile ilikuwa na juisi ya boksi, usiku chai ya maziwa yenye sukari.

Kliniki ya meno ilimkuta na meno manne ya juu ya mbele yaliyooza, mawili yakiwa yamebaki vipande vya kahawia. Daktari hakuuliza kwanza kuhusu mswaki. Aliuliza: "Anapolala, mdomoni kuna nini?"

Swali hilo lina maana kubwa. Mtoto akiwa macho, mate husuuza meno na kupunguza asidi inayotengenezwa na bakteria wanaokula sukari. Akilala, mate hupungua sana. Chupa ya juisi, soda au chai tamu ikibaki mdomoni, sukari hukaa kwenye meno ya juu ya mbele saa nyingi. Ndiyo maana meno hayo huoza kwanza, huku yale ya chini yakikingwa na ulimi.

Wapo wazazi wanaosema meno ya utotoni si kitu kwa kuwa yatang'oka tu. Lakini kabla hayajang'oka, ndiyo anayotumia kula, ndiyo yanayomsaidia kutamka maneno, na ndiyo yanayoshika nafasi ya meno ya ukubwani. Jino bovu huleta usaha, maumivu na homa, na mtoto mwenye maumivu hali wala halali vizuri. Mtoto wa mama huyu alikuwa ameacha kuongeza uzito, na nyumbani walidhani ni wembamba wa ukoo.

Meno mawili yaling'olewa mtoto akiwa amepewa dawa ya usingizi. Mama alikaa kwenye benchi la nje akiwa amekumbatia viatu vya mwanawe. Hapo ndipo maneno ya mzee wa uzioni yalipomrudia: anashiba, lakini mwili haupati cha kujengea.

Hakuna aliyemlaumu. Daktari alimweleza kwamba anaona watoto kama huyo kila wiki, kutoka familia za kila rangi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ambayo mtu anaipata kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima, hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, vijiko vidogo sita. Mtoto wa miaka mitatu anahitaji pungufu sana ya hapo, na boksi moja dogo la juisi linaweza kummalizia kiasi chake chote.

Jozi ambayo haikuwa jozi

Baada ya tukio hilo mama mwenyewe ndiye aliyemtuma binti yake kwa jirani, akiwa na bakuli la maandazi, aombe radhi kwa kuchelewa kusikia. Mzee alikula maandazi mawili, akasema ndege hawatapewa hata moja. Kuanzia siku hiyo binti akawa msaidizi wa banda.

Banda lenyewe ni safu ya vizimba vya waya vilivyoinuliwa karibu mita moja kutoka ardhini. Si kwa urembo. Chakula cha lori ni cha majimaji, hivyo na kinyesi chake ni cha majimaji, na hukirusha mbali kwa nguvu. Kizimba kikiwa na sakafu ya waya, uchafu hudondoka chini na kusafishwa kwa maji. Nusu ya kila kizimba imeezekwa ili ndege wajikinge na jua na mvua, nusu iko wazi.

Asubuhi lori hupewa uji mwepesi uliochanganywa kutokana na unga maalumu wenye sukari, protini, vitamini na madini kwa kipimo. Kukiwa na joto uji huo huondolewa baada ya saa nne, kwa sababu huchacha upesi kama maziwa. Kisha huletewa vipande vya tofaa, peasi na papai, majani mabichi, na matawi ya maua ya mkaratusi ambayo hayajapuliziwa dawa. Parachichi ni marufuku kabisa kwa kuwa ni sumu kwa kasuku. Chokoleti na vyakula vya chumvi pia hawapewi.

Katika kizimba cha tatu kulikuwa na ndege wawili waliopendana sana. Walichanana manyoya, walilishana, walilala bega kwa bega. Sanduku la kutagia lilikuwa limetundikwa juu, ndani yake maranda makavu. Agosti walitaga, na binti aliporipoti nyumbani kwamba kuna mayai manne, kila mtu alifurahi isipokuwa mzee. Lori kwa kawaida hutaga mawili tu.

Alisubiri siku saba, akayamulika kwa tochi ndogo gizani. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myembamba myekundu inayotandaa kama mizizi. Yale manne yalikuwa meupe tupu. Mzee akachukua unyoya mmoja mmoja, akautuma maabara kwa kipimo cha vinasaba. Jibu likaja: wote wawili ni majike.

Lorikiti dume na jike hufanana kiasi kwamba hata mfugaji wa miaka mingi hawezi kuapa kwa kuangalia tu. Majike wawili wakikaa pamoja huweza kuungana kama mke na mume, wakataga na kuatamia mayai ambayo hayataanguliwa kamwe. Mama aliposikia alicheka hadi akakaa chini. Kisha akasema jambo ambalo binti aliliandika kwenye daftari lake: kumbe hata kwa ndege, kinachoonekana kwa macho hakitoshi, lazima upime.

Kinda la kijiko kimoja

Mzee aliwatenganisha majike wale, akamweka mmoja na dume kutoka kizimba kingine. Haikuwa kazi ya siku moja. Kwa wiki mbili walikaa vizimba jirani wakitazamana kupitia waya, maana lori asiyemtaka mwenzake anaweza kumjeruhi vibaya. Waliporuhusiwa kukaa pamoja, ilichukua miezi miwili kabla ya mayai mawili kuonekana.

Safari hii tochi ilionyesha mizizi myekundu kwenye yote mawili. Binti akaanza kukata siku kwenye kalenda ya jikoni. Jike huatamia peke yake kwa takriban siku 25, dume akimletea chakula. Siku ya 25 yai moja likapasuka. La pili halikupasuka. Mzee alipolifungua baadaye, kinda lilikuwa limekamilika lakini limekufa.

Binti aliuliza kama ni tochi yake iliyoliua. Mzee akamwambia hapana, kumulika kwa muda mfupi hakudhuru, na makinda mengine hufia yaini bila mtu kujua kwa nini. Nyumbani aliuliza tena swali lile lile. Mama alilijua swali hilo. Wanawake wengi waliopoteza mimba hulibeba kwa miaka, wakikumbuka ndoo waliyoinua au safari waliyosafiri. Alimkalisha binti yake na kumwambia kwamba si kila kifo kina mkosaji. Wakalizika kinda kwenye chungu cha maua.

Kinda lililobaki lilianza likiwa na uzito wa gramu 5 hivi, sawa na kijiko kidogo cha sukari. Halikuwa na manyoya, macho yamefumba, kichwa kizito kuliko mwili. Kwa wiki tatu wazazi walililisha vizuri. Ya nne wakaanza kulinyonyoa manyoya machanga, tabia inayojulikana kwa lori wanaofugwa. Mzee akalazimika kulitoa na kulilisha kwa mkono.

Hapo ndipo kazi ilipoonekana. Uji wa kinda hupimwa kwa kipimajoto na unatakiwa uwe kati ya nyuzi 39 na 41 za Selsiasi. Ukizidi, unaunguza gole, kile kifuko cha shingoni ambako chakula hukaa kwanza. Ukipoa mno, chakula hakishuki, kinachachia humo humo na kinda linaugua. Kabla ya mlo mwingine ni lazima gole liguswe kwa kidole kuhakikisha limeshuka. Kila asubuhi kinda hupandishwa kwenye mizani kabla ya kula, na namba huandikwa.

Mama aliwahi kuja kutazama. Alizoea kupima uji wa mtoto kwa kudondoshea tone kwenye kifundo cha mkono, na kwa binadamu hiyo ni njia nzuri. Lakini alipoona mzee wa miaka zaidi ya sabini akivaa miwani kusoma kipimajoto kwa ajili ya ndege, alikaa kimya muda mrefu. Jioni hiyo aliitoa kadi ya kliniki ya kitinda mimba kabatini, akatazama mstari wa uzito uliokuwa umelala. Kwa mara ya kwanza tangu Nyarugusu alianza tena kuhesabu vijiko vya sukari. Kule alivihesabu kwa sababu havikutosha. Hapa alivihesabu kwa sababu vilizidi.

Juisi ikabaki ya Jumapili, kwa kikombe, wakati wa chakula. Chupa ya usiku ikawa ya maji, na baada ya siku tatu za vilio mtoto akaiacha mwenyewe. Asubuhi akapewa uji wa lishe, yai, na parachichi ambalo ndege wananyimwa. Miezi minne baadaye mstari wa kadi ulianza kupanda.

Kabla hujamleta ndege nyumbani

Watoto wengi huomba ndege, na mzazi anaweza kudhani ni zawadi rahisi kuliko mbwa. Yapo mambo ya kujua kwanza, awe lori wa Australia au kasuku wa hapa kwetu.

La kwanza ni afya. Kasuku wanaweza kubeba bakteria wanaosababisha ugonjwa uitwao sitakosisi. Mtu huupata kwa kuvuta vumbi la kinyesi kilichokauka au la manyoya. Dalili ni homa, kichwa kuuma, maumivu ya misuli na kikohozi kikavu, na hufanana na mafua makali au nimonia. Unatibika kwa antibiotiki, ila daktari lazima aambiwe kwamba nyumbani kuna ndege, la sivyo hatafikiria. Mama mjamzito asisafishe banda kabisa, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kuwa mkali kwake na kwa mimba.

Kwa hiyo banda halifagiliwi likiwa kavu. Hulowanishwa kwanza, anayesafisha akiwa amevaa barakoa, kisha mikono huoshwa kwa sabuni. Vyombo vya ndege havioshwi kwenye sinki la vyombo vya watu. Mtoto asibusiane na kasuku wala kumlisha kutoka mdomoni. Kwa mzee wa Brisbane, binti asiyenawa mikono harudi kesho yake, na sheria hiyo haina msamaha.

La pili ni sheria. Lorikiti wa porini katika jimbo la Queensland wanalindwa, hakuna ruhusa ya kutega ndege wa mtaani na kumtia tunduni. Ndege wa mzee wote walizaliwa kwenye mabanda. Hapa Afrika, kasuku wa kijivu amemalizwa na biashara hiyo kiasi kwamba tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Mzazi anayeletewa kasuku ndani ya boksi kando ya barabara aulize kibali kwanza. Kwa kila mmoja anayefika mlangoni akiwa hai, wapo waliokufa njiani.

La tatu ni muda. Lori anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 20 na zaidi. Mtoto wa miaka 11 anayemwomba leo atakuwa na miaka 31, pengine na watoto wake. Katikati kuna mitihani, bweni, chuo na kazi. Anayebaki kuosha sahani saa kumi na mbili asubuhi ni mzazi.

Zawadi iliyobaki kwa Babu

Wiki ya nane kinda lilikuwa na rangi zote, na kwa mara ya kwanza lilitumbukiza ulimi wake wenyewe kwenye sahani. Lilikuwa limekaribia gramu 120. Mzee akaja uzioni, akavua kofia kama siku ile ya kwanza, akasema angependa binti alichukue liwe lake.

Katika malezi ya mama huyu zawadi ya mzee haikataliwi. Hata mumewe alimwambia wapokee, watatafuta pa kumweka. Binti alikuwa amesimama nyuma ya mlango akisikiliza, na mama alijua anasikiliza.

Alimwendea mzee mwenyewe, safari hii bila mkalimani, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Alimshukuru kwa mikono miwili. Kisha akamwambia kwamba nyumba yao ni ya kupanga, baraza ni dogo, yeye anafanya kazi za zamu, na ndege anayeishi kwa kundi hawezi kukaa peke yake kwenye tundu jikoni. Akaomba ndege abaki bandani pamoja na wenzake, na binti aendelee kuja kila siku. Akimaliza mwaka mzima bila kuchoka, watazungumza tena.

Binti alilia jioni ile. Alisema mama hampendi. Mama hakumpa pipi wala juisi ya kumnyamazisha. Alikaa naye mpaka machozi yakaisha, kisha akamwuliza ndege yule amelala amekula nini. Binti akajifuta pua, akaanza kutaja: uji, papai, maua ya mkaratusi, majani. Alipofika katikati ya orodha alikuwa ameshaanza kueleza kwa nini uji haukai zaidi ya saa nne.

Mpaka sasa imepita miezi saba. Saa kumi na mbili na nusu kila asubuhi, kabla ya basi la shule, binti huvuka uzio akiwa na sahani safi mkononi. Kaka yake wa miaka minane ameanza kumfuata, na kazi yake ni kuandika uzito. Kitinda mimba bado haruhusiwi kuingia bandani. Hukaa nje ya waya akitafuna kipande cha tofaa kwa meno aliyobaki nayo, na ndege ndani akila kipande kingine cha tofaa hilo hilo.